Hifadhidata ya PostgreSQL Imeganda: Imelemewa na Kazi au Inasubiri?

Malalamiko yanayomfikia msimamizi wa hifadhidata mara nyingi huwa ya maneno mawili tu: mfumo umeganda. Mhasibu husema hivyo, dawati la wateja husema hivyo, na hata mwandishi wa programu, ambaye angeweza kueleza zaidi, husema hivyohivyo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanaficha hali mbili ambazo tiba zake hazifanani hata kidogo. Katika hali ya kwanza seva imelemewa: prosesa iko karibu na asilimia 100, diski inasomwa bila kupumzika, na kila ulizo la SQL linapata sehemu ndogo tu ya nguvu linayohitaji. Katika hali ya pili seva haina kazi ya maana inayoifanya. Iko kimya, inasubiri kitu fulani, na kila anayeingia anajipanga nyuma ya foleni ileile. Seva iliyolemewa hupunguziwa kazi au huongezewa nguvu, ilhali seva inayosubiri haibadiliki kwa RAM wala kwa diski mpya mpaka kile kinachosubiriwa kipatikane.

Mwongozo huu unahusu PostgreSQL kuanzia toleo la 14, na umepangwa kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo tunayoiona kwanza. Swali litakalorudi katika kila sehemu ni moja: je, hifadhidata inafanya kazi au inasubiri, na kama inasubiri, inamsubiri nani?

Kabla ya jambo lolote, usiiwashe seva upya. Naelewa kishawishi chake, kwa kuwa nimewahi kukifuata nikiwa na meneja amesimama nyuma ya kiti changu, na mfumo ukarudi ndani ya dakika mbili, kila mtu akafurahi. Siku tatu baadaye uliganda tena saa ileile, na sikuwa na chochote cha kuchunguza, kwa maana kuwasha upya kulikuwa kumefuta orodha ya vikao, makufuli na maulizo yaliyokuwa yakiendelea. Dakika moja ya kupiga picha ya hali ilivyo inatosha, na ulizo la kuanzia ni hili:

SELECT pid, state, wait_event_type, wait_event,
       now() - xact_start AS umri_wa_muamala,
       pg_blocking_pids(pid) AS wanaozuia,
       left(query, 80) AS ulizo
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
ORDER BY xact_start;

Hifadhi matokeo yake kwenye faili pamoja na saa uliyoyachukua, kisha uyasome. Kikao chenye hali ya active ambacho safuwima ya wait_event_type ni tupu kwa kawaida kinatumia prosesa wakati huo. Kikionyesha IO, kinasubiri diski. Kikionyesha Lock, kinasubiri kikao kingine kiachie kufuli, na safuwima ya wanaozuia itakuonyesha namba za vikao vinavyokizuia. Kikionyesha Client, hifadhidata imemaliza sehemu yake na inasubiri neno kutoka kwenye programu. Hilo ni jambo la kawaida kwa kikao kilichopumzika, lakini ni hatari kubwa pale ambapo hali yake inasomeka idle in transaction, yaani kimenyamaza ndani ya muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa au kufutwa kwa pamoja) ambao haujafungwa.

Dalili: prosesa imetulia, lakini hakuna kinachosonga

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiko ninakoona muda mwingi ukipotea. Grafu za seva zinaonyesha utulivu, kwa hiyo watu wanailaumu mitandao, wanampigia simu mtoa huduma wa intaneti, na wengine wanaanza kusoma upya msimbo waliouandika mwezi uliopita. Ukitazama pg_stat_activity unakuta vikao thelathini vinasubiri Lock, na ukifuata mnyororo wa wanaozuia, kimoja hadi kingine, unafika kwenye kikao ambacho chenyewe hakizuiwi na yeyote. Hicho ndicho chanzo, na mara nyingi hali yake ni idle in transaction: kilifungua muamala, kikabadilisha kitu, kisha kikanyamaza bila COMMIT (kuthibitisha) wala ROLLBACK (kurudisha nyuma).

Chukua mfumo wa mauzo unaopokea malipo kwa simu. Mteja anabonyeza kitufe cha kulipa. Programu inafungua muamala, inapunguza idadi ya bidhaa kwenye jedwali la akiba, halafu inatuma ombi kwa kampuni ya simu ili mteja aulizwe namba yake ya siri. Muamala unabaki wazi muda wote ambao mteja anaitafuta simu ndani ya mkoba, anaandika namba, anakosea na kurudia. Kufuli la safumlalo haliwazuii watu wanaosoma, wala haliwazuii wanaobadilisha safumlalo nyingine. Linamzuia tu yule anayetaka kuibadilisha safumlalo ileile. Kwa hiyo duka lenye bidhaa elfu moja zinazouzwa kwa uwiano linaweza kuishi na kosa hili kwa mwaka mzima, mpaka siku ya ofa, wateja mia wanapoitaka bidhaa moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kila mmoja anamsubiri aliyemtangulia amalize kuandika namba ya siri.

Tiba ya dharura ni kukikatisha kikao cha chanzo, na hapa kuna tofauti inayowasumbua wengi. Kazi ya pg_cancel_backend ni kusimamisha ulizo linaloendelea; kwa kuwa kikao kilichonyamaza ndani ya muamala hakina ulizo linaloendelea, agizo hilo halitabadilisha chochote. Unahitaji pg_terminate_backend, ambayo hukifunga kikao chenyewe na kuyarudisha nyuma mabadiliko ambayo hayajathibitishwa. Tiba ya kudumu iko kwenye programu: muamala wa kwanza uandike kwamba oda inasubiri malipo na ufungwe papo hapo; ombi la malipo litumwe nje ya muamala; na jibu likirudi, muamala wa pili ufunguliwe, uhakiki namba ya kumbukumbu ya malipo ili yasihesabiwe mara mbili, kisha ufungwe. Wakati waandishi wa programu wanafanya marekebisho hayo, mpe mtumiaji wa programu kikomo cha idle_in_transaction_session_timeout, kwa mfano sekunde 60, kwa agizo la ALTER ROLE. Kikomo hicho hakijawashwa kwa chaguo-msingi, na mimi hukiweka kwa kila mtumiaji wa programu tangu siku ya kwanza.

Kuna sura ya pili ya dalili hii ambayo humkuta msimamizi mwenyewe. Unataka kuongeza safuwima kwenye jedwali kubwa, na umesoma, kwa usahihi kabisa, kwamba tangu toleo la 11 kuongeza safuwima yenye thamani-msingi isiyobadilika hakuandiki jedwali zima upya. Unatoa ALTER TABLE saa nne asubuhi ukitarajia imalizike mara moja, na mfumo wote unasimama. Sababu ni kwamba agizo hilo linahitaji kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, ambalo halikai pamoja na kufuli lingine lolote, hata la msomaji. Ikiwa kuna ripoti iliyoanza dakika ishirini zilizopita na bado inasoma jedwali hilo, ALTER TABLE yako inajipanga nyuma yake, na kila SELECT inayokuja baada ya hapo inajipanga nyuma ya ALTER TABLE. Agizo ambalo lingechukua milisekunde limeugeuza mlango wazi kuwa foleni. Anza kila mabadiliko ya namna hii kwa SET lock_timeout = '2s'; likishindwa kupata kufuli ndani ya sekunde mbili litajiondoa, foleni itapita, nawe utajaribu tena baadaye.

Dalili: "sorry, too many clients already"

PostgreSQL hufungua mchakato mmoja wa mfumo endeshi kwa kila muunganisho, na chaguo-msingi la max_connections ni 100, ambapo nafasi 3 zimetengwa kwa msimamizi mkuu ili asifungiwe nje. Wengi hukutana na ujumbe huu na kuipandisha namba hadi 1,000. Sikushauri, kwa sababu seva yenye kokwa 8 za prosesa haiwezi kuhudumia maulizo elfu moja kwa pamoja. Itayagawia muda kidogo kidogo, na yote yatachelewa.

Jiulize kwanza kwa nini miunganisho imeongezeka leo. Mara nyingi jibu liko kwenye sehemu iliyotangulia: vikao vimekwama kwenye kufuli, programu inaona kwamba miunganisho yake haijarudi, inafungua mingine, nayo inakwama. Ukikuta kwamba hakuna kufuli na kwamba vikao vingi vimepumzika tu, tumia PgBouncer mbele ya hifadhidata katika hali yake ya muamala, ili mamia ya miunganisho ya programu yashirikiane vikao vichache vya kweli. Fahamu gharama yake: mipangilio inayowekwa kwa SET, majedwali ya muda, LISTEN na makufuli ya hiari ya ngazi ya kikao hayatabaki salama, kwani muamala unaofuata unaweza kupewa kikao kingine. Maulizo yaliyoandaliwa mapema nayo yalikuwa tatizo katika hali hiyo hadi PgBouncer 1.21 ya mwaka 2023.

Dalili: prosesa iko juu na kila kitu ni kizito

Sasa hifadhidata inafanya kazi kweli, na swali ni kazi ipi. Washa kiendelezi cha pg_stat_statements na upange matokeo kwa total_exec_time, wala si kwa ulizo linalochukua muda mrefu zaidi mara moja. Ripoti ya sekunde 40 inayoendeshwa mara moja kwa siku humkera mkurugenzi, lakini inagharimu sekunde 40. Ulizo la milisekunde 3 linaloitwa mara milioni moja kwa siku linagharimu dakika 50 za prosesa, na hakuna anayelilalamikia.

Ukishalipata ulizo, lipitishe kwenye EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), ukikumbuka kwamba ANALYZE hulitekeleza kweli. Ikiwa ni UPDATE au DELETE, lizungushie BEGIN na ROLLBACK. Katika mpango unaorudishwa, kitu cha kwanza ninachokitazama ni tofauti kati ya idadi ya safumlalo iliyokadiriwa na idadi halisi. Mpangaji wa PostgreSQL akikadiria 12 na uhalisia ukawa 480,000, atakuwa amechagua njia ya kuunganisha majedwali inayofaa safumlalo chache, na kila uamuzi uliofuata utakuwa umejengwa juu ya kosa hilo.

Sababu nyepesi ni takwimu zilizopitwa na wakati, na agizo la ANALYZE kwa jedwali husika linatosha. Sababu ngumu zaidi ni uhusiano kati ya safuwima, na mfano wake uko kwenye karibu kila mfumo wa kwetu. Ulizo linasema mkoa = 'Tanga' na wilaya = 'Korogwe'. Sisi tunajua kwamba Korogwe yote iko Tanga, hivyo sharti la mkoa halipunguzi chochote. Mpangaji hajui jiografia yetu. Anaichukulia mikoa na wilaya kuwa mambo yasiyohusiana, anazidisha uwezekano wa moja kwa wa jingine, na anapata makadirio madogo kupita kiasi. Tangu toleo la 10 unaweza kumfundisha:

CREATE STATISTICS wateja_mahali (dependencies)
  ON mkoa, wilaya FROM wateja;
ANALYZE wateja;

Namba za simu ni chanzo kingine cha kudumu. Mfumo mmoja unazihifadhi zikianza na sifuri, mwingine zikianza na 255, mwingine zikiwa na alama ya kujumlisha, na mwandishi wa programu anayetaka kumpata mteja kwa vyovyote anaandika sharti la right(simu, 9). Faharasa (index) iliyojengwa juu ya safuwima ya simu haisaidii tena, kwa kuwa imepangwa kwa simu nzima, si kwa tarakimu tisa za mwisho. Unaweza kujenga faharasa juu ya usemi huohuo wa right(simu, 9), nayo itafanya kazi vizuri. Hata hivyo napendelea kusafisha data wakati wa kuingiza, kwa umbo moja la kimataifa, kwa sababu faharasa inaharakisha utafutaji lakini haitamzuia mteja mmoja kusajiliwa mara tatu.

Ukijenga faharasa kwenye mfumo unaotumika, tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haiwafungii waandikaji. Ikikatika njiani huacha nyuma faharasa batili inayoendelea kugharimu kila uandishi bila kumsaidia msomaji yeyote, kwa hiyo hakikisha umeifuta kabla ya kujaribu tena.

Dalili: data haijaongezeka, lakini jedwali linavimba

Katika PostgreSQL, UPDATE haiandiki juu ya safumlalo ya zamani. Huandika toleo jipya na kuliacha la zamani mpaka kusiwe na muamala unaoweza kulihitaji. Kazi ya kufagia matoleo yaliyokufa ni ya autovacuum, na kwa chaguo-msingi huanza kulifagia jedwali pale yanapozidi asilimia 20 ya safumlalo zake pamoja na 50. Kwa jedwali la safumlalo milioni 100, hiyo ni takataka ya milioni 20 kabla ufagio haujaguswa. Kwa majedwali makubwa mimi hushusha autovacuum_vacuum_scale_factor ya jedwali lenyewe hadi 0.01 au 0.02.

Lakini ukiona kwamba autovacuum inapita mara kwa mara na n_dead_tup kwenye pg_stat_user_tables haishuki, tatizo si ufagio, ufagio unasubiri. Haruhusiwi mtu kufuta toleo ambalo muamala wa zamani bado una haki ya kuliona. Tafuta basi muamala huo: kikao kilichosahauliwa wazi tangu juzi kwenye kompyuta ya mchambuzi, mkondo wa kunakili (replication slot) ambao seva yake ya pili ilizimwa, au muamala ulioandaliwa kwa PREPARE TRANSACTION ukatelekezwa, ambao huonekana kwenye pg_prepared_xacts. Ukiuondoa, ufagio unaofuata utafanya kazi. Usikimbilie VACUUM FULL mchana, kwani huliandika jedwali upya likiwa limefungwa kwa wote, wasomaji wakiwemo.

Hali hii ikiachwa muda mrefu huleta jambo zito zaidi. Namba za miamala ni za biti 32, na hifadhidata inaweza kutofautisha ya zamani na mpya kwa umbali wa takriban bilioni 2 tu. Zikibaki milioni 40, huanza kutoa maonyo kwenye rekodi za matukio. Zikibaki milioni 3, hukataa kugawa namba mpya, na uandishi wote husimama. Weka tahadhari juu ya age(datfrozenxid) ya kila hifadhidata kwenye pg_database, ili onyo likufikie mapema kuliko hapo.

Dalili: diski imejaa usiku

Tazama saraka ya pg_wal, inayotunza kumbukumbu za kila badiliko la data (WAL). Kama ndiyo iliyojaa, usifute faili hata moja kwa mkono. Hadi toleo la 9.6 saraka hiyo iliitwa pg_xlog, na watu walipoona neno linalofanana na faili za kumbukumbu za kawaida walizifuta ili kupata nafasi, wakaua hifadhidata zao; toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, lilibadilisha jina kwa sababu hiyo.

Faili hizo hazijirundiki bila sababu. Zinamsubiri mtu: ama archive_command inashindwa kuzipeleka kwenye hifadhi, jambo utakaloliona kwenye pg_stat_archiver, ama kuna mkondo wa kunakili kwenye pg_replication_slots ambao active yake ni false. Ukiwa na uhakika kwamba seva iliyokuwa ikitumia mkondo huo haitarudi, ufute kwa pg_drop_replication_slot na ruhusu checkpoint ijayo, yaani hatua ya kuandika mabadiliko yote kwenye diski, isafishe. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size, inayoweka mpaka wa nafasi ambayo mkondo uliokufa unaweza kuishikilia. Chaguo-msingi lake ni kutokuwa na mpaka.

Dalili: mauzo ya siku hayalingani na daftari

Hili si tatizo la kasi, lakini linaletwa kwetu. Seva nyingi za kukodi huendeshwa kwa saa ya UTC, na usiku wa manane wa UTC ni saa tisa usiku ya Afrika Mashariki. Ripoti inayogawa siku kwa muda::date itayahesabu mauzo yaliyofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku kuwa ya siku iliyotangulia. Baa, kituo cha mafuta au duka la dawa la usiku kucha litaona tofauti kila siku, ilhali ofisi inayofunga jioni haitaiona kamwe. Kwa safuwima ya aina ya timestamptz, andika (muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date. Kampuni yenye tawi Bujumbura ikumbuke kwamba huko saa iko nyuma kwa moja, hivyo jina la eneo liwe sehemu ya taarifa za tawi. Kwa safuwima ya timestamp isiyo na eneo usemi huohuo hufanya kinyume, kwa hiyo kagua aina ya safuwima kwanza.

Dalili: safumlalo ipo, lakini haipatikani

Unatafuta jina, unaambiwa halipo. Unapitia jedwali kwa macho, unaliona. Kama seva imehamishiwa karibuni kwenye mfumo endeshi mpya, shuku mpangilio wa herufi. PostgreSQL kwa kawaida hutegemea maktaba ya glibc kupanga maneno, na toleo la 2.28 la mwaka 2018 lilibadilisha utaratibu huo kwa kiasi kikubwa. Mpaka huo huvukwa unapotoka Debian 9 kwenda 10, au Ubuntu 18.04 kwenda 20.04. Faharasa iliyojengwa kwa utaratibu wa zamani sasa inasomwa kwa utaratibu mpya, na utafutaji unageukia tawi lisilo sahihi. Uchunguzi hufanywa kwa pg_amcheck, na tiba ni REINDEX ya faharasa zote za maandishi. Kwa zile za upekee, tafuta kwanza majina yaliyojirudia, kwa kuwa yatazuia ujenzi. Hatari hiyohiyo iko pale seva kuu na seva yake ya pili zinapotumia mifumo endeshi tofauti.

Dalili ambayo haionekani: nakala rudufu haipo

Tarehe 31 Januari 2017, seva ya pili ya hifadhidata ya GitLab.com, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilikuwa imebaki nyuma ya seva kuu, na mhandisi mmoja alikuwa akijaribu kuijenga upya kwa pg_basebackup. Programu hiyo ilionekana kukwama. Kwa kweli ilikuwa ikisubiri kimya kimya seva kuu ianze kutuma data, bila kusema kwamba inasubiri. Akidhani kwamba saraka ya data iliyobaki ndiyo kikwazo, mhandisi aliamua kuifuta, na agizo likaendeshwa kwenye seva kuu badala ya ile ya pili. Alipogundua na kulisimamisha, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki karibu GB 4.5.

Walipogeukia nakala rudufu, walikuta pg_dump ya kila siku haikuwa imezalisha kitu, kwa sababu programu ya toleo la 9.2 ilikuwa ikiendeshwa dhidi ya hifadhidata ya 9.6 na kushindwa. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho wa DMARC, utaratibu wa kuhakiki mtumaji wa barua pepe. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya tukio, kwa kazi nyingine kabisa. Data ya saa hizo ilipotea, ikigusa takriban miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700.

Tunayajua haya yote kwa sababu wao wenyewe waliyaandika hadharani: walifungua waraka wa urejeshaji usomwe na yeyote, wakaonyesha kazi yenyewe moja kwa moja kwenye YouTube, na baadaye wakachapisha uchunguzi kamili bila kumtupia lawama mhandisi yule. Kwangu, huo ni miongoni mwa misaada mikubwa ambayo taaluma hii imewahi kupokea. Tangu nilipoisoma taarifa ile, kila Jumatatu narejesha nakala ya juzi kwenye seva tupu, nahesabu safumlalo za majedwali matano, na kuandika urejeshaji ulichukua muda gani. Tahadhari yangu nimeigeuza pia: badala ya kuarifiwa kazi ikishindwa, naarifiwa nakala mpya isipoonekana kufikia saa moja asubuhi, ili ukimya wenyewe uwe ndio kengele.

Unapopeleka tatizo kwa wenzako

Hakuna msimamizi anayekutana na dalili zote hizi katika ofisi moja. Nyingi tunazijua kwa kuwa mwenzetu alizipitia akaziandika. Anayeuliza "kwa nini hifadhidata yangu iko taratibu" hawezi kusaidiwa. Anayetaja toleo kamili, ukubwa wa jedwali, ulizo lenyewe, mpango wa EXPLAIN kama maandishi badala ya picha ya skrini, na kilichobadilika kabla ya tatizo kuanza, mara nyingi hujibiwa siku hiyohiyo.

Kabla ya kutuma, pitia tena maandishi yako. Mpango wa utekelezaji na rekodi za matukio hubeba thamani halisi zilizotafutwa: majina, namba za simu, namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamlinda mwenye taarifa hizo, naye hajui kabisa kwamba umekwama. Badilisha thamani, acha muundo.

Ukishapata jibu, rudi pale ulipouliza na uandike chanzo. Maelezo kama haya yanatosha: "Toleo la 15. Saa tatu na dakika kumi asubuhi vikao 41 vilisubiri Lock, prosesa ikiwa asilimia 6. Chanzo kilikuwa kikao kimoja cha programu ya malipo, idle in transaction kwa dakika 9, kilichoshika safumlalo ya akiba ya bidhaa moja. Tulikifunga kwa pg_terminate_backend na foleni ikaisha ndani ya sekunde mbili. Tumehamisha ombi la malipo nje ya muamala na kuweka kikomo cha sekunde 60. Kwa wiki tatu sasa halijarudi."